Barua ya wazi: Jaa la zamani lisisafishwe kabla ya kuulizwa wanaoishi ukingoni mwake

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya mazingira, maji, afya na serikali za mitaa,
Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Kuh: Kushirikishwa kwa wakaazi katika usafishaji wa jaa lililofungwa

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum.

Tumepata habari kwamba jaa la zamani lililo pembezoni mwa shehia yetu limo katika orodha ya maeneo yatakayosafishwa, na habari hizo tumezipokea kwa furaha, kwa sababu wapo kati yetu waliokuwa wakiliomba jambo hili tangu magari ya taka yangali yakiingia. Barua hii haiji kupinga. Inakuja kuomba kwamba wakaazi waingizwe katika kazi hiyo kabla mpango haujaandikwa, wakiwa na sauti katika kuamua wapi papimwe, kipi kifanywe na majibu apewe nani, na wasiitwe pale tu mkandarasi atakapokuwa ameshateuliwa na mashine zimeshafika. Watu wengi wakisikia ombi kama hili hudhani ni suala la heshima, kwamba wananchi wanataka wajione wameulizwa. Heshima ni jambo jema, lakini hoja yangu kubwa ni ya kitaalamu: bila ya wakaazi, usafishaji huu utafanywa kwa kukisia.

Jina la shehia limo katika nakala ya barua hii iliyopitia mikononi mwa sheha. Hapa nimeliacha kwa makusudi, kwa kuwa Unguja na Pemba zina mashimo mengi yaliyojazwa taka na kufukiwa, na ningependa anayeishi karibu na lolote kati ya hayo aisome barua hii kama yake.

Shimo letu halikuchimbwa kwa ajili ya taka. Lilitolewa mchanga na mawe ya kujengea, na lilipokwisha kutoa kilichotakiwa likaachwa wazi, na shimo lililo wazi karibu na mji halikai muda mrefu bila ya kupata kazi nyengine. Wakati huo nyumba zilikuwa mbali. Sensa ya 2012 iliwahesabu watu 1,303,569 Zanzibar nzima. Ile ya 2022 iliwahesabu 1,889,773, na karibu nusu yao, watu 893,169, wako katika Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake. Watu hao walihitaji viwanja, na viwanja vya bei nafuu vilikuwa ukingoni mwa jaa. Siku hizi taka za mji zinapelekwa Kibele, jaa letu limemwagiwa udongo, majani yameota, na jioni vijana wanacheza mpira juu yake. Mpita njia hawezi kujua anakanyaga nini.

Hofu yetu iko chini ya ardhi. Jaa hilo lilianza kabla ya mtu yeyote kufikiria kutandika kitu chini ya taka, na udongo uliomwagwa siku ya kulifunga ni wa kawaida, unaopitisha maji. Kila masika mvua hupenya katika udongo huo, hupita katikati ya vilivyooza na visivyooza, na hutokea chini ikiwa maji meusi yaliyobeba amonia, chumvi, vijidudu vya maradhi na mabaki ya kila kilichotupwa humo: betri zenye madini ya risasi na kadimiamu, taa na vipimajoto vyenye zebaki, rangi, mafuta ya injini, dawa za wadudu. Maji hayo, ambayo hapa nitayaita maji ya jaa, hayaachi kutoka siku jaa linapofungwa. Jaa la aina hii linaweza kuendelea kutoa maji machafu na gesi kwa makumi ya miaka, na gesi yenyewe, methani, ikikusanyika ndani ya chumba au shimo la karo kwa kiasi cha asilimia 5 hadi 15 ya hewa, inaripuka kwa cheche ndogo tu.

Kwa visiwa vyetu jambo hili ni zito kuliko kwengine. Hatuna ziwa wala mto mkubwa. Sehemu kubwa kabisa ya maji tunayokunywa, yawe ya mfereji au ya kisima cha nyumbani, inatoka chini ya ardhi, na ardhi yenyewe kwa eneo kubwa ni mawe ya chokaa yaliyotokana na matumbawe. Mkulima yeyote wa Unguja anaijua tofauti ya kinamo, udongo mzito unaotuamisha maji, na uwanda, ambako jembe hugonga jiwe na mvua hupotelea katika nyufa mara inaponyesha. Katika kinamo uchafu husafiri taratibu na udongo huuzuia kiasi. Katika uwanda huteremka kwenye nyufa na mapango ya chini bila ya kuchujwa na chochote, na unaweza kuibuka katika kisima kilicho mbali na pale ulipoingia. Ukingo wa jaa letu una ardhi za aina zote mbili, na mpaka baina yao hauonekani kwa macho ya mgeni.

Niseme neno kuhusu kuchemsha maji, kwa kuwa kila suala hili linapotajwa huwa kuna anayelitoa kama jawabu. Tangu mripuko wa kipindupindu wa mwaka 1978, na tena ule wa 2015 na 2016, tumefundishwa kuchemsha, na mafunzo hayo yameokoa watu, kwa sababu moto unaua vijidudu. Moto hauondoi risasi. Naitreti, chumvi inayotokana na kuoza kwa taka na kinyesi, ndiyo kabisa: maji yanapopungua kwa kuchemka, kilichoyeyuka ndani yake kinazidi kukolea. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha naitreti kisichozidi miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya unga, ambao naitreti ikizidi damu yao hushindwa kubeba oksijeni ya kutosha. Kwa risasi kiwango ni miligramu 0.01 kwa lita, na risasi ndani ya maji haina harufu, ladha wala rangi. Mama anayechemsha maji ya kisima na kuyahifadhi katika chombo chenye mfuniko anaweza kuwa ametimiza yote aliyofundishwa kliniki na bado hajamkinga mwanawe. Kwa hiyo, kabla ya mashine, kabla ya mkandarasi, kabla hata ya kamati ninayoiombea hapa chini, familia zenye watoto wachanga na wajawazito walio karibu na jaa zifikishiwe maji kutoka chanzo kilichopimwa. Hili halihitaji kusubiri ripoti yoyote.

Sasa nije kwenye kiini. Mtaalamu anayekuja kulipima jaa huanza na maswali ambayo maabara haiwezi kuyajibu. Shimo lilikuwa na kina gani, na upande upi ulizidi? Taka za namna gani zilimwagwa kona ipi, na miaka ipi? Maji ya mvua yalikuwa yakipita wapi kabla nyumba hazijajengwa? Kwa jaa lililokuwa na mizani mlangoni na daftari la kila gari, majibu yamo ndani ya faili. Jaa letu halikuwa na mlango.

Majibu yake yamo vichwani mwa watu. Wako waliochimba mchanga humo ujanani, ambao wanakumbuka upande gani walifika kwenye jiwe wakaacha, na upande gani waliendelea kuteremka. Wako madereva wastaafu wa magari ya taka. Wako waokota taka, wengi wao kina mama na vijana, waliofanya kazi juu ya jaa kwa miaka na ambao wanajua mabomba ya sindano yalikuwa yakimwagwa wapi, ndoo za rangi wapi, na ni chini ya mti gani betri za magari zilikuwa zikipasuliwa ili kutolewa risasi ya kuuza. Mahali hapo pa kupasulia betri, kwa mtazamo wangu, panastahili kutazamwa kabla ya eneo lote lililobaki. Kila kisima cha uchunguzi kinachochimbwa kwa mashine kina gharama yake, na hakuna mradi ambao fedha zake zinatosha kutoboa kila hatua. Bila ya kumbukumbu hizi, eneo litagawiwa miraba iliyo sawa, kila mraba utatobolewa katikati yake, na penye betri pakasadifu kuangukia mpakani mwa miraba miwili pasijulikane kamwe.

Lakini ushahidi ulio bora kuliko wote wanao wanawake wanaochota maji. Wako hapa walioacha kufulia nguo nyeupe kwa maji ya kisima fulani, kwa sababu zilikuwa zinatoka na rangi ya kutu, na kisima hicho kilikuwa safi walipokuja kuolewa mtaani. Jambo hilo lina maelezo yake. Maji ya jaa huwa yameishiwa na oksijeni, na maji ya namna hiyo huyeyusha chuma na manganizi kutoka katika udongo na mawe yanamopita. Yakifika juu na kukutana na hewa, chuma kile hugeuka kutu, nguo ikachafuka na ndoo ikafanya utando. Rangi peke yake haitoshi kuwa hukumu, kwani zipo sehemu ambazo chuma kimo ardhini tangu asili. Hata hivyo, kujua kwamba kisima kilibadilika, na kujua mwaka kilipobadilika, ni habari ambayo hakuna chombo cha maabara kinachoweza kuirudia leo, kwa sababu wakati wake umepita. Mtaalamu akikaa na wanawake hao, akaweka kila kisima juu ya ramani pamoja na mwaka wa mabadiliko yake, ataona maji ya jaa yalivyotembea, yameelekea wapi na kwa kasi gani, kabla hajatoboa ardhi hata mara moja. Sijawahi kuona dodoso la mshauri elekezi lenye swali kuhusu nguo nyeupe.

Haki inataka niseme pia kwamba si kila uchafu wa visima vyetu umetoka jaani. Nyumba zetu zina makaro, mengi yakiwa hayakusakafiwa chini, na makaro nayo hutoa naitreti na vijidudu. Mtu akipima kisima kilicho karibu na karo akakuta naitreti nyingi, anaweza kulilaumu jaa bure. Na kwa upande wa pili, anayetaka kulisafisha jaa kwa karatasi anaweza kusema tatizo lote ni vyoo vya wananchi. Njia ya kuyatenganisha mambo haya inajulikana: hupimwa visima ambavyo maji ya ardhini huvifikia kabla ya kupita chini ya jaa na vile yanavyovifikia baada ya kupita, na hupimwa zaidi ya naitreti, yaani amonia, kloridi, boroni na metali. Hapo tena anahitajika mwenyeji, kwa sababu karo likishafunikwa halionekani, na anayejua lilipo ni mwenye nyumba. Mwenye nyumba anayehisi kwamba wapimaji wamekuja kumtafutia makosa hatolionesha. Yule ambaye jirani yake amekaa katika kamati na anajua majibu yatatumiwa kwa lipi atawapeleka mwenyewe, na pengine atawaonesha na lile la zamani alilolifukia.

Walimwengu wengine wamekwisha kulipitia hili kwa gharama kubwa. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Love Canal, katika mji wa Niagara Falls nchini Marekani, ambako kampuni ya kemikali ya Hooker ilifukia zaidi ya tani 20,000 za taka za kemikali, kisha mwaka 1953 ikalitoa eneo hilo kwa bodi ya skuli ya mji kwa dola moja. Skuli ikajengwa, na nyumba zikaizunguka. Mwaka 1978 hali ya hatari ilipotangazwa, mama mmoja wa mtaa huo, Lois Gibbs, aliwaongoza wenzake kupita nyumba kwa nyumba wakiandika maradhi na mimba zilizoharibika, na walipoyaweka majibu juu ya ramani waliona kwamba nyumba zenye matatizo zilifuata mikondo ya zamani ya maji iliyofukiwa wakati wa ujenzi, mikondo ambayo wenyeji wa siku nyingi waliikumbuka. Wakuu wa afya wa jimbo mwanzoni waliyapuuza matokeo hayo kwa kuwa yamekusanywa na kina mama wa nyumbani. Februari 1979 jimbo hilo hilo likawashauri wajawazito na wenye watoto wa chini ya miaka miwili, waliokuwa nje ya mpaka wa hatari uliowekwa mwanzo, wahame kwa muda. Mkasa huo ulichangia kutungwa mwaka 1980 kwa sheria ya kusafisha maeneo yenye sumu, ijulikanayo kama Superfund, na marekebisho ya mwaka 1986 yakaweka ruzuku ya hadi dola 50,000 kwa kuanzia, ili kikundi cha wakaazi kiweze kuajiri mtaalamu wake mwenyewe wa kukifafanulia ripoti za serikali. Kipengele hiki cha mwisho ndicho ninachokipenda, kwa sababu kinakubali kwamba mtu hawezi kushiriki katika jambo asiloweza kulisoma.

Karibu na kwetu, uchunguzi wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa wa mwaka 2007 katika jaa la Dandora, Nairobi, uliwapima watoto 328 na kukuta karibu nusu yao wana risasi katika damu kwa kiwango cha mikrogramu 10 au zaidi kwa desilita. Na Mombasa, wakaazi wa Owino Uhuru, walioathiriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri, walilazimika kwenda mahakamani, na mwaka 2020 wakaamuliwa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Anayedhani kuwasikiliza watu mapema ni gharama azilinganishe fedha hizo na bei ya vikao.

Kuhusu vikao, naomba nizungumze waziwazi, maana ndipo ushirikishwaji wetu unapokufa. Tunajua namna unavyofanywa. Watu huitwa asubuhi ya siku ya kazi, wanawake wakiwa majikoni au mashamba na wavuvi wakiwa baharini, mgeni rasmi huchelewa, mtaalamu huonesha picha ukutani zenye maandishi ya Kiingereza, soda hugaiwa, karatasi ya mahudhurio hutiwa saini, na saini hizo hizo baadaye huwa kiambatisho katika ripoti, kuonesha kwamba wananchi waliridhia. Hakuna aliyeulizwa kitu, na aliyeuliza aliambiwa hoja yake imechukuliwa. Sitaji mradi wala ofisi, kwa sababu kila msomaji wa visiwani ana mfano wake. Tanzania ilikuwapo Rio de Janeiro mwaka 1992, na tamko la mkutano ule, katika kanuni yake ya kumi, linasema mambo ya mazingira hushughulikiwa vyema zaidi kwa ushiriki wa raia wote wanaohusika, wakiwa na fursa ya kupata taarifa na ya kushiriki katika maamuzi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar, Nam. 3 ya mwaka 2015, nayo imeweka utaratibu wa tathmini ya athari za kimazingira. Hatuombi sheria mpya. Tunaomba zilizopo zitekelezwe kwa namna ambayo muuza samaki ataweza kuzitumia.

Tunachopendekeza ni kamati ya shehia itakayoundwa kabla ya hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi atakayopewa mtaalamu, kutolewa, na ndani yake wawemo, pamoja na sheha, wanawake wa visima, waokota taka, wakulima wa mchicha wa bondeni, mwalimu wa skuli iliyo karibu na muuguzi wa kituo cha afya. Mpango wa kuchukua sampuli usianze kutekelezwa mpaka kamati hiyo iukubali kwa maandishi. Kila sampuli igawiwe mara mbili, moja iende maabara ya mradi na nyengine maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali Zanzibar, na majibu yote mawili, yakiwa kwa Kiswahili na yakitaja kisima kimoja kimoja, yabandikwe ofisi ya sheha na misikitini ndani ya wiki mbili tangu yatoke. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina wanasayansi. Tunaomba mmoja wao apewe kazi, na alipwe na mradi, ya kuwa mshauri wa wakaazi. Vikao vifanyike baada ya sala ya alasiri, visiangukie Ijumaa wala siku za Ramadhani, na wanawake wapate kikao chao peke yao pale watakapotaka, kwa kuwa yapo mambo ya uzazi ambayo hayatotamkwa mbele ya wanaume na ambayo daktari atayahitaji.

Likija suala la nini kifanywe, tunaelewa kwamba njia kubwa ni mbili, na kila moja ina bei yake. Ya kwanza ni kuliacha jaa pale lilipo na kulifunika ipasavyo: tabaka la udongo mzito kama kinamo au karatasi maalumu isiyopitisha maji, mteremko wa kuyakimbiza maji ya mvua, mabomba ya kutolea gesi, na visima vya uchunguzi vitakavyopimwa kwa makumi ya miaka. Ni rahisi zaidi, lakini taka zinabaki chini, na pasipo msimamizi wa kudumu kifuniko kitapasuliwa na mizizi, na mabomba yatang'olewa na watafuta vyuma chakavu. Ya pili ni kuzichimba taka na kuziondoa, ambayo inaondoa chanzo lakini inaamsha vumbi, harufu na sumu iliyokuwa imelala. Vijana wengi wa mtaani wanaitaka hii ya pili. Mimi bado sijashawishika, na sababu yangu kubwa haiko hata katika shehia yetu: taka hizo zikichimbwa zitapelekwa wapi? Zikipelekwa Kibele, basi tutakuwa tumewaomba watu wa Kibele wabebe kwa mara ya pili mzigo ambao hawakuuzalisha, na wao nao wana visima. Ikiwa serikali italielekea wazo hilo, tunaomba watu wa huko waulizwe kwa utaratibu ule ule tunaouomba sisi, na jibu lao liheshimiwe hata kama litatukera.

Na kama uchimbaji utakuwa ni wa sehemu moja tu, pengine ya pale penye betri, hapo tutakuwa pamoja nanyi, ila msimu uchaguliwe na watu wanaoujua. Wakati wa masika shimo lililofunuliwa litajaa maji na kuyamwaga yote bondeni. Wakati wa kusi vumbi litaelekea nyumba za kaskazini na skuli. Wakati wa kaskazi litaelekea mashamba. Mpango wa kazi uliotengenezwa ofisini huangalia mwaka wa fedha.

Kazi yenyewe wapewe vijana wa shehia kadiri inavyowezekana, na waokota taka waliopoteza riziki jaa lilipofungwa wawe wa mwanzo. Lakini wasiingizwe humo kwa ndara na mikono mitupu. Buti, glavu nene, barakoa zinazochuja vumbi, chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini, maji ya kukogea mahali pa kazi ili sumu isibebwe na nguo hadi nyumbani kwa watoto: haya yawekwe ndani ya mkataba wa mkandarasi, na kamati iwe na uwezo wa kusimamisha kazi yakikosekana.

Liko na la mwisho, ambalo watu hulizungumza barazani zaidi kuliko vikaoni. Ardhi ya karibu na mji ina thamani, na wakaazi wengi wanaamini kwamba jaa likishasafishwa patakatwa viwanja na atapewa mwenye uwezo. Hofu hiyo, iwe ya kweli au isiwe, inatosha kuwafunga watu midomo: hakuna atakayekuonesha penye sumu ikiwa anaamini unasafisha kwa ajili ya mwengine. Iondoeni kwa maandishi. Tunaomba itangazwe, kabla ya kazi kuanza, kwamba ardhi hiyo itabaki kuwa ya wazi kwa matumizi ya umma, kwamba haitojengwa nyumba, kwa sababu ya gesi, na haitolimwa mboga, kwa sababu ya metali, na kwamba uwanja wa mpira utarudi pale tu kifuniko na vipimo vitakaporuhusu. Matumizi mengine yoyote yapitie kwanza kwa kamati.

Sisi kwa upande wetu hatukukaa tukingoja. Kwa msaada wa walimu wa skuli, wazee na kina mama wa shehia wameanza kuchora ramani ya mashimo ya zamani, njia za maji ya mvua na visima vilivyobadilika, na nakala yake tutaikabidhi kwa mtaalamu yeyote mtakayemtuma, kwa sharti kwamba aje kukaa nasi chini na kuipitia mahali kwa mahali, asiichukue tu. Tunaomba tuambiwe kwa maandishi, kupitia kwa sheha, ni ofisi gani inayoshika mpango huu na hadidu za rejea zimefikia wapi, na tunaomba kikao cha kwanza kifanyike skuli kabla ya mvua za vuli, wakati bado njia ya jaani inapitika kwa miguu na visima viko katika kina chake cha chini, hali ambayo wapimaji wenyewe wataihitaji wapate kuilinganisha na ile ya baada ya mvua.

Wabillahi tawfiq.

Mwalimu mstaafu wa sayansi,
kwa niaba ya wakaazi wa shehia,
Unguja.

Nakala:
Mwakilishi wa Jimbo
Diwani wa Wadi
Sheha wa Shehia